Nilivyomtafutia Mama Mdogo Adui Huko Kivaa

Kilichonitoa nyumbani Kathiani ni mdomo wa mama mdogo wangu, Syombua. Mwenye duka mmoja wa Nairobi alipita sokoni, akashika viondo, vile vikapu vya mkonge vinavyosukwa na kikundi chao cha wanawake, akavipenda. Mama mdogo, badala ya kumwuliza anapatikana wapi, akamwambia kwa maringo, "Wewe tafuta tu viondo vya Kathiani kwa intaneti, utatuona." Yule mwenye duka akaahidi kuagiza kabla ya Krismasi, akaenda zake.

Tovuti kweli ilikuwepo. Niliitengeneza mimi mwenyewe, niliyetoka kozi ya kompyuta juzi juzi na kichwa kimenivimba. Lakini ukiitafuta, mtambo wa kutafuta ulikuletea kila kitu chini ya jua isipokuwa sisi. Viondo vilijaa chumbani mwa mama mdogo hadi kitandani, na wanawake wenzake walianza kunong'ona kwamba amewasukisha bure. Krismasi ilikuwa inakuja mbio, na kikundi kilikuwa kinavunjika. "Wewe ndiye ulisema tuko huko," akaniambia. "Nenda basi utuonyeshe."

Asubuhi nilifika Machakos mjini, moja kwa moja kwa Nduku, dada mwenye saiba, duka la kompyuta za intaneti, karibu na soko. Alitazama kazi yangu kwa huruma kidogo.

"Injinia, hii kitu nani ameweka linki yake?"

"Kwani lazima? Si kuna mahali pa kuwaandikia wenye mtambo anwani? Nawaandikia kila nikija hapa."

"Hata wauza dawa za upara wanaandika hapo. Hiyo ni foleni tu." Akavuta kiti. "Hiyo mitambo iko na programu wanaita buibui. Inasoma ukurasa, ikipata linki inaifuata hadi ukurasa mwingine, hivyo hivyo mpaka dunia iishe. Sasa wewe umejenga nyumba katikati ya shamba na hujakata njia. Itakujia kupitia wapi?"

Nilihitaji mtu ambaye buibui tayari anamjua, anitaje. Nduku alimjua mmoja tu wa karibu: Mwalimu Kisilu wa Kivaa, mstaafu anayeandika mila za Wakamba kwenye tovuti yake, na Wakamba walioko ng'ambo wanamsoma kama gazeti. Kila siku ya soko yeye huja hapo saiba na disketi yake mfukoni.

Mchana nilikuwa Kivaa, nimekaa kwa mwalimu na sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, mapajani. Nilimweleza shida yangu kwa adabu zote. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kijana, ukurasa wangu si stendi kila mtu ajishukie," akasema. "Tena kiondo ni cha Kivaa. Nyinyi wa Kathiani mlichungulia tu."

"Sawa, mwalimu. Na ukiisoma tu tovuti yetu?"

"Nitaisoma siku ya soko. Nikipata kosa, utajiona kwa Kalamu Nyekundu."

Kalamu Nyekundu ni safu yake. Humo husahihisha makosa ya watu, na kila kosa huliwekea linki ya mwenye kulitenda, ili ulimwengu ujionee. Mwalimu hawezi kuona kosa likapita bila kulichora mstari. Niliacha kutafuna. Mkewe akaniuliza kama nimeuma jiwe.

Jioni nilirudi kwa Nduku nikihema. "Huyo buibui anajua tofauti ya sifa na matusi?"

"Hajui kitu. Linki ni linki."

Nikakaa, nikaongeza maneno kwenye ukurasa wetu: Kiondo kilizaliwa Kathiani. Watu wa Kivaa walikuja kuazima maarifa, na mpaka leo hawajarudisha. Nilipofika nyumbani nikamsomea mama mdogo, nikitarajia anigombeze kwa uchokozi. Akanitazama bila kuelewa. "Sasa uchokozi uko wapi hapo? Si ni ukweli?"

Siku ya soko nilijificha kwenye kompyuta ya pembeni, gazeti usoni. Mwalimu akaingia, akafungua ukurasa wetu, akasoma. Akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akasoma tena. Kisha akaanza kupiga vitufe kwa kidole kimoja mpaka meza ikatikisika.

"Nduku, haka kajamaa kamekula muthokoi wangu," akasema. "Nimeandika asiyeamini abonyeze hapa aone uongo kwa macho yake."

Nduku hakutabasamu hata kidogo. "Umefanya vizuri, mwalimu. Lakini wengine hawataona hapo juu. Ungeongeza linki nyingine huku chini."

"Kweli," akasema mwalimu, akaongeza.

Wiki mbili hivi zikapita. Nikatafuta tena, na hapo juu kabisa kulikuwa na mwalimu akitufokea. Chini yake tu, sisi. Haikuchukua muda ujumbe ukaja kutoka Nairobi: "Nimeona mnavyotukanwa, nikajua ni nyinyi. Nitachukua viondo vyote mlivyo navyo." Nilimleta mama mdogo saiba ajisomee mwenyewe. Alilia palepale, akajipangusa kwa leso. Njiani kurudi nikawaza: kumbe huko mtu hahitaji kupendwa ili aonekane. Anahitaji kutajwa tu, hata na aliyekasirika.

Safari ya mwisho ilikuwa Kivaa tena. Mama mdogo alinituma na kiondo alichokisuka kwa mkono wake, kizuri kuliko vyote, kumshukuru mwalimu. Nilikiri kila kitu nikiwa karibu na mlango. Mwalimu akakipokea. Alikigeuza kiondo, akakipapasa kitako, akavuta mshipi, akatafuta kosa kwa muda mrefu, akalikosa.

"Aliyesuka hiki," akasema polepole, "alifundishwa na mtu wa Kivaa. Huwezi kunidanganya."

Nyanya yangu, ambaye ndiye aliyemfundisha mama mdogo kusuka, aliolewa kutoka Kivaa hiyo hiyo. Nilimtazama mwalimu machoni, nikamwambia hapo amekosea.