Mwanafunzi wa Arobaini wa Filister

Filister Aluoch amepika githeri, mahindi na maharagwe, katika shule yetu ya umma, karibu na mtaa wa Silanga, kwa miaka kumi na miwili. Walimu wakuu watatu wamekuja wakaenda. Upawa wake haujaenda popote. Anamjua kila mtoto kwa jina, kwa mama yake na kwa ukubwa wa tumbo.

Muhula huu tuliambiwa Gredi ya Saba isipofikisha wanafunzi arobaini, itahamishiwa shule iliyo ng'ambo ya barabara kuu. Tulikuwa na thelathini na sita. Marion, binti ya Filister, ni mmoja wao, na barabara hiyo ilishamvunja kaka yake mguu.

Wazazi walikuwa wamehamishia watoto akademi za mabati, shule za kulipia, kwa sababu ya matokeo yetu. Siwalaumu. Mwalimu wa hisabati, sayansi na kilimo ni mimi, na kilimo chenyewe nilijifunzia kwa sukuma wiki niliyopanda dirishani.

Filister alipita nyumba kwa nyumba.

"Huko akademi watoto wanakula nini?"

"Wanaongea Kizungu."

"Na hicho Kizungu kinashushwa kwa chai tupu?"

Akapata watatu.

Siku ya ukaguzi, afisa wa elimu, Kihara, alisema atahesabu kwenye foleni ya chakula, maana hapo hakuna anayekosa. Mwalimu mkuu, Bwana Mukhwana, akapenyeza mtoto mmoja wa Gredi ya Sita kwenye foleni ya Gredi ya Saba. Hakumwambia Filister.

"Wewe, foleni yenu ni ile," Filister akamwambia mtoto. "Unadhani nimezeeka?"

Afisa akafuta kitu kwenye karatasi. "Thelathini na tisa."

Mukhwana alimtazama mpishi kama mtu aliyepigwa teke na ng'ombe wake mwenyewe. Ndipo Filister akaelewa. Akanipa upawa.

"Madamu, gawa polepole. Huyu mgeni mwongeze avokado, asiondoke."

Alikwenda moja kwa moja kwa Nanyama, muuza makaa, ambaye binti yake Valentine alimaliza Gredi ya Sita akabaki nyumbani kupima makaa kwa mkebe.

"Nipe huyu mtoto aende shule."

"Na makaa atauza nani, Mama Marion? Wewe?"

"Mimi. Kila siku nikishaosha sufuria. Leo naanza sasa hivi."

"Utaniibia."

"Kidogo tu."

Valentine alifika na miguu myeusi, afisa akiwa kwenye sahani ya pili. Nikamwandika kwenye daftari mbele ya macho ya afisa.

"Huyu ni mwanafunzi au muuza makaa?" afisa akauliza.

"Mkubwa, hapa kila mtu ni vitu viwili," Mukhwana akajibu. Ni jambo la maana pekee nililomsikia akisema mwaka huu.

Kihara akatafuna, akawaza, akaandika arobaini.

Filister hakuona. Alikuwa kwa Nanyama, amekalia gunia la makaa, akimwambia mteja kwamba mkebe ukijazwa kupita hapo, huo sasa ni ulafi.