Ufa Uliojifunga

Kazi yangu ni kuvunja zege. Nikisema hivyo watu hucheka, lakini ndiyo kazi iliyomsomesha mdogo wangu na kunivimbisha mimi kichwa. Mafundi wa Singida mjini huleta vipande vya zege maabara, mimi naviweka kwenye mashine, mashine inavibana mpaka vinapasuka, kisha naandika vimebeba mzigo kiasi gani. Zege la kila namna nimeliona likishindwa. Lililopona sikuwahi kuliona, na siku nilipoliona nilikaa chini na koti langu la kazi.

Lilikuwa zege la baba yangu.

Baba ni fundi wa kijijini kwetu, upande wa Ikungi. Mwaka ule kamati ya ujenzi ilimpa kazi ya kujenga tangi la kuvuna maji ya mvua kwenye zahanati. Kabla ya hapo mwanamke wa kujifungua alikuwa anakwenda na dumu lake la maji, la sivyo anaambiwa asubiri ndugu walilete. Baba alijenga kiangazi, na upepo wetu wa kiangazi hukausha nguo hujamaliza kuanika. Mvua za kwanza zikalijaza tangi, na siku ya tatu ufa ukatokea ukutani. Ulikuwa mwembamba, ukucha hauingii, lakini ulishuka kutoka karibu na mdomo wa tangi mpaka katikati, na ulikuwa unachuruzika.

Wakaniita mimi, mtaalamu wao. Nikachukua likizo, nikaja nimejaa majigambo.

Asubuhi ya kwanza nilimkuta mama sebuleni ananyunyiza maji kwa kiganja kabla ya kufagia, vumbi la sakafu yetu ya udongo lisitimke. Nikaruka pale palipolowa nisichafue viatu. Kwenye kona nikaona mifuko mitupu ya saruji, imekung'utwa vizuri, mama ameifunikia alizeti. Ilikuwa ya saruji ileile iliyotumika zahanati. Moyo ulinilipuka. Baba yangu mwizi! Baba aliyenichapa kwa kuokota kalamu isiyo yangu! Sikuuliza kitu. Niliona hakuna haja ya kuuliza, macho yangu yalikuwa yametosha.

Mkutano ulifanyika kwenye baraza ya zahanati. Mwenyekiti wa kamati akanikaribisha.

"Haya mwanetu, wewe ndiye umesomea. Tatizo nini hapa?"

"Saruji haikutosha," nikajibu.

Mzee mmoja akadakia, "Mbona sisi tulitoa yote? Sasa imekwenda wapi?"

"Hilo muulizeni fundi."

Sikusema baba. Nilisema fundi. Mpaka leo nikikumbuka neno lile uso unaniwaka moto.

Baba alisimama, akavua kofia. "Msiyamwage maji," akasema. "Liacheni lijae. Ufa utajifunga wenyewe."

Watu wakaangua kicheko. Kijana mmoja akauliza kama zege nalo siku hizi ni kidonda. Na mimi nilicheka, nilicheka kuliko wengine, maana niliona aibu yake imenirukia. Wakaamua mvua zikiisha tangi libomolewe. Wengine walitaka limwagwe siku ileile, lakini muuguzi wa zahanati akakataa katakata. "Maji yanayovuja kidogo bado ni maji," aliwaambia. "Anayetaka kumwaga aje kubeba madumu yeye." Hapo wakaliacha.

Baada ya mkutano ule baba hakuitwa tena hata kwenda kuziba shimo la choo. Nami niliondoka kijijini bila kumwamkia. Kwetu mtoto asiyemwamkia baba yake amesema maneno yote.

Mvua zilipoisha, kamati ikataka maandishi kabla ya kubomoa. Nikarudi na mashine ya kukata vipande vya zege. Maji yalikuwa yameshuka, sehemu ya juu ya ufa ikawa wazi. Nikautafuta ufa wenyewe, siuoni. Palikuwa na mstari mweupe tu, mgumu, kama ule ukoko wa chokaa unaoganda ndani ya birika letu la chai. Nikaukwaruza kwa ukucha, kisha kwa msumari. Haukutoka. Muuguzi akaniambia ukuta uliacha kuvuja zamani, na wao hawakugusa kitu.

Nikakata vipande viwili, mstari ule ukipita katikati. Bado nilikuwa najiambia ni uchafu wa juu juu. Wakati nafunga vyombo baba akaja na mwiko na ndoo ya saruji iliyochanganywa na mchanga, kuziba matundu niliyoyatoboa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Akaanza kuziba.

Maabara nikaweka kipande cha kwanza. Nilijua kitapasukia wapi, ningeweza hata kuchora. Mashine ikabana, ikabana, mzigo ukapita pale ambapo zege la kijijini huwa limeshasagika, ndipo kikalia. Kilipasukia pembeni, katikati ya kokoto. Mstari mweupe ulibaki mzima. Nikaweka cha pili, kikafanya vilevile.

Ndipo nilipokaa chini. Jambo lenyewe nilifundishwa chuoni, nililikariri nikafaulia mtihani, nikalisahau. Ufa mwembamba ukishinda majini, punje za saruji ambazo hazikuwahi kulowa hulowa na kuanza kazi upya, na chokaa huganda na kuujaza mwanya. Ufa mpana haufungi. Na zege lililoibiwa saruji, hizo punje za kubaki litazitoa wapi? Ufa ule ulifungwa na saruji iliyozidi. Upepo ulioukausha haraka na wingi wa saruji unaolisinyaza zege ndivyo vilivyoupasua ukuta, na wingi uleule ukauponya. Na mimi nilisimama mbele ya watu nikasema haikutosha!

Nikaandika ripoti kwamba tangi ni zima, lisibomolewe. Kesho yake nikapanda basi la kwanza.

Baba nilimkuta uani anachonga mpini wa jembe. Nilisahau hata kukaa.

"Baba, uliongeza saruji."

"Mchanga wa korongoni ulikuwa na udongo mwingi. Niliona waliyonipa haitafaa."

"Uliitoa wapi?"

Mama ndiye aliyejibu, amesimama mlangoni na bakuli na ufagio. "Ilikuwa ya hapa nyumbani. Kila tukivuna alizeti ananunua mfuko mmoja, anaweka. Akaibeba yote kwa baiskeli. Mimi nikamwambia angalau mifuko mitupu anirudishie."

"Kwa nini hamkuniambia?"

Baba aliupuliza mpini kutoa vumbi la mbao. "Hukuuliza, mwanangu. Uliwaambia wao waniulize. Na wao hawakuuliza, maana ulikuwa umeshawajibu."

Nikamfuata mama ndani. Nilitaka kumshika mkono, sijui nilitaka kusema nini. Nikamuuliza swali la kijinga, kwamba saruji yote hiyo ilikuwa ya kujengea nini.

Mama alichovya kiganja kwenye bakuli.

"Sogea," akaniambia, akanyunyizia maji udongo wa sakafu niliokuwa nimeukanyaga, kisha akainama kufagia.