Kimya cha Nyumbani kwa Babu

Watu wa mitambo walipofika kwetu, kule ndani Adu, bara ya Malindi, walifurahi kupita kiasi. Simu haishiki, umeme hakuna, jirani hakuna. Walikuwa wakitafuta mahali pa kusimamisha sahani kubwa ya chuma ya kusikilizia nyota, na kazi hiyo, walisema, hutaka kimya kama hiki.

"Mna bahati, mama," injinia alimwambia mama yangu.

Bahati! Nilitaka kumjibu, mama akanifinya. Kimya kile kina mwenyewe. Babu, baba yake mama, alipofariki alisimamishiwa kigango, nguzo ya kuchonga ambamo koma yake, yaani roho yake, ingekaa. Wezi wakaing'oa wakaenda kuiuza. Haukupita muda wajukuu wawili wakafa, mmoja nyuma ya mwenziwe, watu wakasema mzee ana hasira, hana pa kukaa. Nyumba zikahama moja moja, sisi tukaishia Malindi. Mimi hadi leo nikienda kule nahisi mtu nyuma yangu, na ukitaka kucheka, cheka.

Mama alibakiwa na shimo la kigango tu. Kila mwaka alikwenda akamimina mle tembo la mnazi, mchanga ukalinywa, naye akasema, "Amekunywa," akarudi mjini moyo umemtulia. Basi ardhi aliwapa kwa sharti moja: shimo lile lisiguswe. Injinia akaahidi, tena kwa adabu zote.

Mwaka huu tulikwenda na kibuyu chetu. Sahani imeshasimama, imeachama juu. Injinia akatoa shikamoo, akatupeleka shimoni kwa furaha. Fundi wake, mtu wa Mambrui, alikuwa ameona haya kaburi la mzee wa watu kuachwa vile. Hakuambiwa kwamba si kaburi. Akalijaza shimo zege, akalisakafia vizuri, akalipaka chokaa. Likapendeza, wallahi.

Mama hakumgombeza mtu. Alichutama, akamimina. Tembo likatanda juu ya sakafu, likatafuta pa kuingia, halafu likatiririka pembeni hadi kwenye viatu vya injinia.

Tukangoja. Mama aliweka kiganja pale penye maji, akapapasa, akapapasa tena.

"Hanywi," aliniambia. "Mwanangu, baba hanywi."