Mama Mkwe Kwenye Motokari Isiyo na Paa

Wabelgiji walipoondoka, mume wangu alinunua motokari kwa mkulima mmoja wa kahawa aliyekuwa na haraka ya kuvuka mpaka wa Uganda. Lori alikuwa nalo tayari. Familia yake ni Waislamu wa Butembo, watu wa kusafirisha mizigo tangu enzi za baba yake: viazi na kabichi kutoka Masereka, kushusha Beni, kurudi na mafuta ya mawese. Lori lilitulisha. Motokari haikuwa na kazi yoyote, na nadhani ndiyo sababu aliipenda. Ilikuwa ya rangi ya maziwa, viti vyekundu vya ngozi, na paa la turubai ambalo yule mzungu aliapa kwamba hufungika. Halikufungika hata siku moja.

Kwa hiyo ilikuwa motokari ya kiangazi tu. Mvua zikianza, ililala ndani ya depo katikati ya magunia. Mwezi wa sita ukifika, mume wangu aliiosha, akavaa koti, na kila Jumapili tulitoka kupunga hewa. Tuliteremka hadi daraja la Kimemi, tukapanda hadi kwenye mikaratusi ya misheni, tukapita sokoni na mbele ya ofisi ya administrateur, mkuu wa wilaya, tukarudi nyumbani. Kwa miguu mzunguko huo haukuwa mrefu. Kwa motokari ulikuwa mrefu sana, maana mume wangu alipunguza mwendo mbele ya duka la kila mfanyabiashara aliyewahi kumcheka.

Yeye alishika usukani, mama yake alikaa kando yake, na mimi nilikaa nyuma pamoja na vumbi. Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mfupi, mjane tangu ujana, aliyewalea watoto wake kwa kuuza chumvi sokoni. Ndani ya motokari hakusalimia mtu. Alingoja asalimiwe, kisha akainamisha kichwa kidogo, kama vile anampunguzia mtu bei.

Siku moja nilithubutu kumwomba nikae mbele, hata kwa kwenda tu.

"We uko kijana," akanijibu, bila hasira. "Miaka iko mingi mbele yako. Miye, dipanda yangu, uhuru yangu yote, ni hii kiti."

Sikukuu ya kwanza ya uhuru ilipofika, administrateur aliomba motokari kwa ajili ya gwaride. Alitaka kusimama nyuma ili watu wamwone, na katibu wake akae mbele. Mume wangu alimbembeleza mama yake mpaka akashuka. Alisimama kando ya barabara na tawi la mkaratusi mkononi, kama watu wengine wote, bendi ya fanfari ikapita, mwanawe akapita na yule katibu kwenye kiti chake. Wiki nzima hakusema naye. Siku aliyofungua kinywa, alisema tu: "Ile ilikuwa ya mwisho. Miye hapana shuka tena."

Tulidhani ni maneno ya hasira.

Baada ya miaka michache waasi waliojiita simba walifika, na wao pia walichagua kiangazi. Askari wa serikali waliondoka kabla yao, wakiwa wamebeba magodoro. Makarani walivua tai na kuzizika mashambani, kwa sababu ilisemekana kwamba mtu mwenye tai ni adui wa watu. Wengine waliuawa, tai au bila tai. Sitasimulia hayo, wana watoto wanaoishi karibu nasi. Nitasema tu kwamba tulijifungia ndani, mume wangu akaifunika motokari kwa magunia, na kila mtu mjini alijua vizuri iko wapi.

Jumapili ya kwanza vijana wao walikuja uani, majani yamefungwa vichwani, mikuki mkononi, bunduki moja kati yao. Mkubwa wao, aliyewatuma, alitaka kuonyeshwa mji. Mume wangu aliondoa magunia, akasukuma motokari hadi nje, akaingia penye usukani. Alipogeuza kichwa, mama yake alikuwa ameshakaa kando yake, amevaa kikwembe chake, kitenge cha Idi.

"Koko, shuka," alisema yule mwenye bunduki, akimwita bibi. "Mukubwa anaomba motokari."

"Achukue. Iko hapa."

"Lakini wee uko ndani."

"Niko ndani."

Kijana alinyoosha mkono, kisha akaurudisha haraka kama aliyeona moto. Wote tulijua sababu. Walikuwa wamenyunyiziwa dawa ya kuzuia risasi, na dawa hiyo ilikuwa na miiko yake: mpiganaji akigusa mwanamke, au akiguswa naye, imekwisha, risasi zinaingia kama kwa mtu yeyote. Basi walisimama wakiizunguka motokari, wanaume wale ambao mji mzima uliwakimbia, na hakuna aliyejua la kufanya na bibi mmoja mfupi.

Walianza kujadiliana. Mmoja alisema wamvute kwa kamba. Mwingine akauliza kama kamba haipitishi mwiko. Walimwita mganga wao, akafikiri sana, akasema kamba inapitisha, na fimbo pia, hasa ikiwa mbichi. Wakamwamuru mume wangu amtoe mwenyewe. Hapo nilifumba macho.

"Mutu hapana vuta mama yake namna ile," alisema mume wangu. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini aliimaliza sentensi. Sijawahi kumpenda kama saa ile.

Ndipo wakanitazama mimi. Niliwaonyesha tumbo langu, nilikuwa na mimba kubwa, nikasema siwezi kuinua hata sufuria. Asubuhi ile nilikuwa nimepasua kuni.

"Mama, nakuomba," mume wangu alinong'ona.

"We endesha," alisema mama yake, macho mbele.

Mwishowe mkubwa alikuja mwenyewe. Tulitegemea simba, tukaona kijana mwembamba aliyechoka, anayesema taratibu kama mwalimu wa shule ya msingi. Alimtazama bibi, akatazama viti.

"Koko, tunaenda kwa fête, kwa sikukuu."

"Miye pia naenda kwa fête."

Mkubwa aliamuru waniombe mkeka. Waliutundika katikati, kati ya viti vya mbele na vya nyuma, yeye akapanda nyuma akasimama, na gwaride likaanza. Nilifuata kwa miguu na umati. Watu walipunga matawi yaleyale ya mikaratusi na kupiga vigelegele vilevile. Kilichobadilika ni jina la mtu wa kumtakia maisha marefu. Mkubwa aliinua mkono kulia na kushoto. Lakini wanawake wa sokoni walikuwa wanamwangalia mama mkwe, na mama mkwe alikuwa anawainamishia kichwa, mmoja mmoja. Sokoni hotuba ilikuwa ndefu, juu ya uhuru wa pili ambao ungekuwa bora kuliko wa kwanza. Mama mkwe alisinzia.

Kumbe yule kijana alipenda matembezi. Jumapili iliyofuata alirudi, na iliyofuata tena, na mkeka wetu haukurudi tena nyumbani. Mara moja walikwenda hadi Beni, ambako joto liliwafanya wapiganaji wavue ngozi zao za wanyama, na jamaa za mume wangu waliwapikia pilau kwa woga mkubwa na mchele mwingi. Mume wangu alinisimulia kwamba asubuhi, milima ya Ruwenzori ikiwa wazi na theluji yake, mkubwa aliuliza kutoka nyuma ya mkeka:

"Koko, hauniogope?"

"Nakuogopa," alijibu mama mkwe. "Lakini hata nikishuka nitakuogopa tu. Afazali niogope nimekaa."

Serikali iliporudi, ilirudi na wazungu wa kukodiwa na bunduki za kweli. Mkubwa aliondoka usiku kuelekea msituni, kwa miguu, maana motokari ya rangi ya maziwa inaonekana mbali. Asubuhi mume wangu alikamatwa: dereva wa waasi. Mama yake alikwenda ofisini akifuatwa na nusu ya soko.

"Huyu hapana beba waasi," alimwambia ofisa wa jeshi. "Alibeba mama yake. Bale balipanda nyuma tu. Uliza batu."

Ofisa aliuliza watu. Wote waliapa kwamba walimwona mama huyu mbele, Jumapili zote, na kwamba huko nyuma hawakuangalia vizuri. Mume wangu akaachiliwa. Motokari ilibaki kwa uchunguzi.

Uchunguzi wenyewe ulikuwa matembezi. Jumapili ile ofisa aliitoa, na mama mkwe, aliyedhani ameshinda, akaenda akapanda. Askari hawa hawakuwa na dawa wala mwiko. Wawili walimshika makwapa, wakamwinua kama mkungu wa ndizi, wakamweka chini. Hawakumpiga. Walicheka tu. Alisimama pale barabarani akirekebisha kikwembe chake, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee.

Mume wangu alikimbia kando ya motokari akijaribu kueleza ubovu wa breki, kwamba kwenye mteremko lazima ubaki gia ya kwanza.

"Unanifundisha?" aliuliza ofisa, kwa Lingala, lugha ya jeshi, akaondoka kwenda Beni.

Motokari ilipatikana chini ya bonde, katikati ya migomba. Ofisa alitoka na mkono uliovunjika. Watu wa kijiji kile wakachukua kilichobaki, na kwa muda mrefu ukipita huko ungeona mtu shambani amevaa viatu vyekundu vya ngozi nzuri sana.

Kiangazi kilichofuata tulitembea kwa miguu, mimi na mtoto mgongoni, mume wangu na koti lake. Mwanzoni alitazama chini. Lakini mtu anayetembea husimamishwa: huyu anauliza bei ya viazi, yule anataka nafasi kwenye lori, mwingine anakumbusha vumbi alilomezeshwa mwaka fulani. Mama mkwe alilalamika miguu inauma, kisha akakuta mwanamke aliyeuza naye chumvi zamani, wakakaa kwenye ukingo wa barabara na mahindi ya kuchoma. Tulimngoja. Hakuwa na haraka, na jua lilikuwa bado juu.