Aliyegonga Meza Nikisoma Programu

Jumatatu, Kibokoni

Zuhura na wenzako,

Leo marehemu kaka yangu amenikagulia programu.

Msinicheke.

Ofisini kwetu bandarini, kabla programu haijapelekwa kwenye kompyuta, aliyeiandika huisoma kwa sauti na mwenzake husikiliza makosa.

Wengi husema "sawa, sawa" mpaka mwisho, wakaitwa wakaguzi wazuri kwa kuwa hawachelewi.

Kaka, aliyekuwa akinikagulia mimi, hakuwa hivyo. Akisikia kosa alikuwa akigonga meza kwa pete yake, akangoja ulione mwenyewe. Tangu tumzike sijapata wa kunisikiliza hivyo.

Leo nilimsomea Saidi, mwenzangu wa ofisini.

"Sawa bwana, endelea. Kahawa yapoa."

Meza ikagongwa.

Nikaurudia mstari. Kweli, sikuiambia mashine pa kusimama. Ingechapa jina la meli moja mpaka karatasi ziishe.

"Ahsante, Saidi. Leo umesikiliza."

"Mie?" Kikombe alikuwa amekishika kwa mikono miwili. "Mbona nilidhani wewe ndiye uliyegonga!"

Mistari iliyobaki niliisoma polepole, nimetega sikio.

Haikuwa na kosa.

Kesho nina programu nyingine, na naogopa nitakosea makusudi.

Nyinyi mwasemaje?

Mkiomba dua usiku, nami mnitaje.