Kabla ya Suheli

Leo asubuhi nilitoka mtaani Karama, katika mji huu wa Waarabu, bila kuaga. Chumbani tulikuwa sita. Watano walikuwa wamelala baada ya zamu zao za usiku, na mimi mkataba wangu wa ulinzi ulikuwa umekwisha. Nilitia nguo mbili begini, nikavaa viatu, nikashuka ngazi. Ndiyo tabia yangu, rafiki yangu. Wengine wakiamka hutafuta chai, mimi nikiamka hutafuta njia. Shule niliiacha mapema kwa sababu hiyo hiyo: dirisha la darasa lilikuwa na mengi kuliko ubao.

Nilisimama kituoni nikingoja basi lolote litakalotangulia. Hapo ndipo niliposikia, juu ya kelele za magari, sauti laini kama ya mtu anayesukutua maji kooni. Pruu, pruu. Nikainua kichwa. Juu ya matangi ya maji na madishi ya televisheni, kundi la keremkerem lilikuwa linapita kuelekea kusini. Ndege wembamba wale wa kijani, wenye mkia uliochongoka, wanaokamata nyuki hewani. Watu wote kituoni walikuwa wameinamia simu zao. Nikapanda basi lililokuja, na nilipoketi tu nikajikuta nimesharudi kwa Bibi.

Nyumba yetu ilikuwa hapo hapo Karama, chini kabisa, katika majengo yale mafupi ambayo ukikaanga samaki mtaa mzima unajua ni samaki gani. Tulikuwa wanne: Bibi, mama, baba na mimi. Baba alifanya kazi katika bohari moja Jebel Ali, na Ijumaa zake alizilala. Mkubwa wa nyumba alikuwa Bibi, mama yake mama. Alitoka Unguja akiwa kijana, mama yumo tumboni, na hakurudi tena. Sababu zake zilibadilika mwaka hadi mwaka: mara paspoti, mara goti, mara harusi ya fulani haiwezi kupita bila yeye. Kule nyuma alimwacha dada yake mmoja, mkubwa wake, kijijini Donge. Walizungumza kwa simu mpaka masikio ya dada yakaziba. Tangu hapo habari zikawa zinapitia kwa mtoto wa dada, na ile sauti yenyewe Bibi hakuisikia tena.

Miezi ya joto Bibi hakutoka nje. Alikaa karibu na kiyoyozi akichambua mchele, huku akingoja Suheli. Hiyo ni nyota, na wenyeji wa hapa wanaijua kama watu wa kwao walivyoijua: ikionekana upande wa kusini alfajiri, basi joto limeanza kulegea. Bibi alikuwa na lake la kuongeza. "Suheli mbele, ndege nyuma," alisema, na hakuna aliyethubutu kumtaka atoke kabla ya hapo.

Aliyetupeleka alikuwa jirani wa mlango wa pili, mtu wa Nyeri, dereva wa gari la dobi. Arbab wake, tajiri mwenye dobi, alimwachia gari siku za Ijumaa. Jirani alimwita Bibi "shosho", kama kwao wanavyowaita bibi zao, na Bibi akamwita "mkwe", ingawa hakuwa na binti mwingine wa kumpa. Gari lile halikuwa na viti vya nyuma. Palikuwa na vyuma vya kutundikia nguo, na mimi nililala sakafuni chini ya kandura, kanzu za watu nisiowajua, zikinipapasa uso kila tulipopiga kona. Mpaka leo nikinusa wanga na mvuke wa pasi, nasikia njaa ya vitumbua.

Tulianza Ras Al Khor, kwenye maji na mikoko, tukawatazama heroe waliosimama topeni kwa mguu mmoja, waridi kwa mamia. Bibi aliwatazama kwa adabu, kama mtu aliyeonyeshwa picha za harusi asiyoalikwa. "Wazuri," alisema, "lakini wamekaa. Aliyekaa hana habari." Kisha tukaenda tulikokusudia hasa: shamba la majani ya mifugo, nje ya mji upande wa Al Awir. Shamba lenyewe lilikuwa la duara, na bomba refu la maji lilitembea juu yake polepole likizunguka. Maji yale yalikuwa ya mifereji ya mji, yaliyosafishwa, lakini pua haikukubali kwamba yamesafishwa. Bibi alijifungia asumini kwenye ncha ya kanga na kuinusa kila upepo ulipogeuka.

Tulitandika mkeka ukingoni. Mama alifungua vitumbua na kachori, na chai ya maziwa yenye iliki kwenye chupa. Jirani alileta chapati zake nene, na Bibi akauliza kila mara kama ni za kula au za kuezekea. Vitwitwi walikimbia kwenye maji yaliyotuama, yangeyange walifuata bomba wakiokota wadudu. Hudihudi mmoja alizoea kuja karibu na mkeka, na kishungi chake kichwani. Nikamuuliza Bibi kwa nini asimtume huyo, si ndiye aliyekuwa mjumbe wa Nabii Suleimani? "Ndiyo," alisema, "lakini huyo alizoea kutumwa na wafalme. Sisi wadogo tunawatuma kerem."

Maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu pale. Kandokando ya shamba zilipita nyaya za umeme, na jioni keremkerem walishuka kupumzika juu yake, wamebanana kama watoto wa chuoni. Bibi alijua wanakokwenda. Aliwaona utotoni wakifika kwao baada ya mvua za vuli kuanza, na alipowakuta huku aliwatambua kama mtu anavyotambua jirani wa zamani sokoni. Basi alisimama chini ya nyaya, akachagua mmoja, akampa salamu, kama watu walivyokuwa wakituma redioni. "Wewe wa mwisho, uliyenyofoka mkia. Mfikie dada yangu Donge. Mwambie goti limetulia, na mjukuu hasomi lakini anauliza." Mwanzoni majina yalikuwa mengi: mashoga, binamu, mwalimu wake wa Kurani. Kila mwaka Bibi aliruka jina moja, nami sikuelewa kwa nini. Mwishowe likabaki la dada peke yake.

Mwaka niliofika miaka tisa, simu ililia mchana wa joto kali, Bibi amelala. Mama aliipokea, akaenda nayo jikoni, akafungua bomba la maji mpaka mwisho. Nilidhani anaosha vyombo. Nilipochungulia, sinki lilikuwa tupu. Alikuwa ameinama juu yake analia, na maji yalimiminika ili kilio kisisikike. Dada yake Bibi alikuwa amefariki, na huko kwao walikuwa wamekwisha mzika.

Wiki ile Bibi alikuwa ametoka hospitali, presha yake imepanda mpaka daktari akatutazama kwa huruma. Watu wazima wakakaa jikoni, mama, baba na jirani, wakakubaliana asiambiwe. Unajua tunavyofanya. "Msiba hauozi," mama alisema. "Akipata nguvu tutamwambia." Wanawake waliokuja kutoa pole walipokelewa ngazini na kurudishwa hapo hapo. Mimi nilishikwa kidevu nikaambiwa nifunge mdomo.

Lakini nyumba yenye siri ina joto lake. Mama aliona Bibi anamtazama sana, akatafuta namna ya kumfurahisha. Akamwomba jirani atupeleke kuwatazama ndege. Mama hakuwa mtu wa ndege. Kwake walikuwa ni kitu kinachotokea Ijumaa fulani katika mwaka. Bibi alipoambiwa avae buibui, alilitazama jua dirishani, kisha akavaa.

Usukani ulikuwa wa moto hata jirani aliushika kwa kitambaa. Shambani bomba lilizunguka, majani yalikuwepo, harufu ilikuwepo. Nyaya zilikuwa tupu kutoka nguzo hadi nguzo.

"Shosho," jirani alisema, "leo wageni wako wamegoma, kama walimu wa kwetu."

Hakuna aliyecheka. Mama alimimina chai ya Bibi, akatia sukari kijiko kimoja, akatia cha pili, akatia cha tatu. Mama huyo ndiye aliyekuwa akificha kopo la sukari juu ya kabati tangu daktari aseme Bibi apunguziwe. Bibi akakitazama kikombe, akautazama mkono wa mama, akazitazama nyaya.

"Nishike mkono," akaniambia, "tukatazame karibu."

Tulikwenda mpaka chini ya nguzo. Nilingoja salamu. Bibi alileta ncha ya kanga mdomoni, akasema innalillahi, polepole, mara moja, kisha akataja jina ambalo nilikuwa sijapata kulisikia. Baadaye nilijua ndilo jina la utotoni la dada yake. Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza, nikamuuliza amejuaje.

"Suheli bado," alisema. "Mtu hapelekwi kupokea wageni ambao siku yao haijafika, ila kuna jambo nyumbani, na mimi huko kwetu nilibakiwa na mmoja tu." Akanishika kidevu vilevile kama mama alivyonishika. "Mama yako usimwambie kama nimejua. Amejitahidi sana, maskini."

Tukarudi mkekani. Akanywa chai yote, akasema leo imekolea.

Sijui kama nimewahi kubeba mzigo mzito kuliko wa majuma yale, na nimebeba mingi bandarini. Bibi alivua bangili akisema zinamkera kwa joto. Asumini akaiacha. Mama aliona, akadhani ni maradhi, akazidi kuficha. Kila asubuhi aliuliza umeamkaje, naye Bibi akajibu nimeamka salama. Walikuwa wanafichana kaburi moja, na mimi katikati yao napitisha sahani.

Suheli ilipoonekana na presha kushuka, mama na baba walikaa naye wakamwambia. Bibi alilia. Alilia kweli, kichwa mapajani mwa mama, na mama akampapasa mgongo akisema tusamehe, mama, tulikuwa tunakuhurumia. Watu waliokuwepo walidhani wanaona habari ikiingia. Mimi nilijua naona kilio kilichokuwa kimengoja ruhusa.

Ndege walipofika, jirani alipiga honi nje kama kawaida. Bibi alikuwa amekwisha vaa buibui. Akafika mlangoni, akasimama, akarudi kuketi. "Mwambie mkwe aende zake," aliniambia. "Mwaka huu waache wende wepesi." Hakwenda tena shambani, wala mwaka huo wala miwili iliyofuata. Wa tatu hakuufikia. Tulimzika Al Quoz, kwenye mchanga, na mawe mawili bila jina.

Mengine yaliondoka kimyakimya, kama vitu vya hapa vinavyoondoka. Visa ya jirani ilikwisha, khalas, akarudi Nyeri na masanduku manne na jiko la gesi. Bomba la shamba lilisimama siku moja, majani yakawa manjano, kisha mchanga, kisha ukaja uzio. Leo basi lilipopita upande ule nilibandika uso kwenye kioo, nikaona ukuta mrefu mweupe na nyumba zinazofanana. Hata nyaya wamezizika ardhini. Ndege hata wakitaka kupumzika, hakuna pa kutua.

Mama anaishi Al Nahda sasa, ghorofa ya juu sana, ambako njiwa hupita chini ya dirisha lake. Mambo mengi yamemponyoka maishani, mimi nikiwa mojawapo, lakini kuna moja anajivunia. Kila mwaka joto likianza kupungua atalitaja: alhamdulillah, msiba ule tulimficha mama vizuri mpaka akapata nguvu. Nami hunyamaza, kwa kuwa kidevu changu kilishikwa.

Stesheni nilibadilisha basi, nikapanda lililokuwa linawasha injini kuondoka. Mbele limeandikwa Hatta. Sikuwa nimepata kufika Hatta, na hiyo ilitosha. Mji uliisha, mchanga ukawa mwekundu, kisha milima ikainuka, mikavu, rangi ya chuma cha zamani. Nikashuka penye vishamba vidogo vya mitende. Nyuma ya duka la vyakula, mwenye duka, Mhindi wa Kimalabari mwenye masharubu ya heshima, alikuwa na chumba chenye vitanda vitatu na kimoja kitupu. Akaniuliza siku ngapi. Nikamwambia inshallah. Akacheka, akanipa ufunguo.

Dirisha linatazama shamba la majani, dogo, la mbuzi wa mtu. Juu yake unapita waya mmoja, na juu ya waya walikuwepo, wamebanana, migongo ya kijani inawaka jua la alasiri. Nilifungua kioo. Mdomo nao ukafunguka kwa mazoea. Nikatafuta kule Donge mtu wa kumsalimu, nikakosa. Wa kule sikupata kuwajua, na niliyemjua amelala huku nyuma, mchangani.

Simu ikalia. Mama. Akauliza niko wapi, nikamwambia. Akauliza nimekula, nikamwambia ndiyo. Nikamwambia keremkerem wamefika. Nilingoja maneno yake ya kila mwaka, na yakaja, lakini safari hii yalikuja kwa sauti ya mtu anayeuliza.

"Hakujua, eti?" alisema. "Siku ile ya chai. Nimekuwa naikumbuka sana ile sukari. Wewe ndiye uliyekuwa naye kule chini ya nguzo. Hakujua?"

"Hakujua, mama," nikamwambia.

Akasema alhamdulillah. Kisha nikasikia, mle ndani ya simu, hatua zake zikienda jikoni, na bomba la maji likifunguliwa mpaka mwisho. Sikukata simu. Nikajifanya nasikia maji tu.