Msaada wa Mara Moja

Mwaka 2009 Kemunto alipoachishwa kazi kwa mara ya pili, hakuingiwa na hofu. Wakenya wenzake wa mtaa wa International City, Dubai, walikuwa na chama cha kumlipia kodi ya nyumba yeyote aliyepoteza kazi, mpaka apate nyingine. Mara ya kwanza kilimbeba, na tangu hapo hakukosa kuchanga.

Ijumaa, siku ambayo huko hata makanisa husali, baada ya ibada, alisimama mbele ya wanachama akaomba asaidiwe. Austine, mwenyekiti, aliinamisha kichwa.

"Dada, tulibadilisha sheria siku uliyokuwa kazini. Aliyewahi kusaidiwa hasaidiwi tena."

"Nani alileta wazo hilo?"

Jemutai, aliyeishi naye chumba kimoja, na ambaye Kemunto mwenyewe ndiye aliyemwingiza chamani, alisema bila kumtazama, "Ni mimi. Watu wanafutwa kila siku. Niliogopa zamu yangu ikifika nisikute kitu."

"Na kila usiku tunapiga gumzo, hukuniambia?"

Baadaye Kemunto alipata kazi ya udobi kule Dubai Investments Park, akahamia kwenye nyumba za wafanyakazi. Krismasi Jemutai alimpigia simu. Kemunto aliiacha ikalia mpaka ikanyamaza.